Mkono wa Mashine: Mwongozo kwa Anayesafishwa Damu Kusini mwa Pwani

Wiki ina saa 168. Mgonjwa wa figo anayekwenda mashineni mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, hukaa mbele ya nesi saa nane. Saa 160 zilizobaki yuko kwake, Ukunda au Vanga, Kikoneni au Kinango, na mshipa ambao mashine inautegemea yuko nao peke yake. Mashine ikiharibika fundi ataitwa. Mshipa ukiharibika hakuna duka linalouza mwingine, na mwili umepewa michache tu inayofaa kazi hii.

Siku hizi mkazi wa Kwale halazimiki tena kuvuka Likoni kila anapotaka kusafishwa damu. Hospitali za kaunti zilianza kupata mashine kupitia mpango wa vifaa wa serikali ya taifa wa mwaka 2015, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni ina kitengo chake cha figo. Watu wengi wanajua mashine iko wapi na inalipiwaje. Wachache wanajua damu inatokaje mwilini na kurudi, na nini kinaweza kuifunga njia hiyo. Hayo ndiyo nitakayoyasema hapa, kwako wewe unayesafishwa na kwa yule anayekusindikiza.

Kabla ya sindano ya kwanza

Ikiwa daktari amekuambia figo zinadhoofika lakini hujaanza mashine, soma sehemu hii mara mbili, kwa sababu wewe ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kunufaika.

Mishipa ya mkono, kuanzia kifundo hadi penye kukunjia kiwiko na juu yake, ndiyo itakayotumika baadaye. Kila dripu inayowekwa hapo huacha kovu ndani ya mshipa. Na sisi tunapenda dripu. Mtu akihisi uchovu anataka atundikiwe maji. Mwenye sukari au presha anaingia zahanati hii na kutoka ile, na kila mahali anafungwa mpira mkononi na kudungwa palepale penye kukunjia kwa sababu ndipo mshipa unapoonekana upesi. Baada ya miaka mitano ya namna hiyo, daktari wa upasuaji anapapasa mkono mzima na hapati kitu.

Kwa hiyo chagua mkono wa kulinda. Kwa kawaida ni ule usioandikia: wa kushoto kwa anayetumia wa kulia. Kuanzia leo mkono huo hautolewi damu, hauwekewi dripu, na ukishafanyiwa upasuaji haupimwi presha wala haufungwi mpira. Damu itolewe kwenye mgongo wa kiganja cha mkono wa pili. Huhitaji Kiingereza wala ugomvi, sema tu: “Sista, figo zangu zina shida na mkono huu unahifadhiwa. Naomba unidunge kwenye mgongo wa kiganja cha huu mwingine.” Nesi aliyesoma ataelewa mara moja. Akisitasita, mwombe kwa adabu amwite mkubwa wake. Mama mzee asiyependa kubishana na watu wa hospitali na aandamane na mwanawe au mjukuu wa kumsemea.

Kisha uliza mapema kuhusu upasuaji wa fistula, yaani wa kuunganisha mishipa ya mkono kwa ajili ya mashine. Katika kliniki nyingi mazungumzo haya hayaanzishwi mpaka mgonjwa ameshafura miguu na kushindwa kuhema, na kufikia hapo la haraka ni mrija wa shingoni. Anayeuliza miezi sita kabla anaweza kuanza mashine akiwa na mkono ulio tayari.

Mrija wa shingoni

Mrija huo, katheta, huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, mara nyingi upande wa kulia, na ncha yake hufika karibu na moyo. Upo wa muda, unaotokeza shingoni na ambao haukusudiwi kukaa zaidi ya wiki mbili hivi. Upo pia wa kudumu kidogo, unaopitishwa chini ya ngozi na kutokea kifuani. Sifa yake ni kwamba unatumika siku hiyohiyo, bila sindano wala maumivu, na hapo ndipo unapomponza mtu. Mgonjwa anaona mambo ni mepesi, anaahirisha fistula, mwezi unaingia mwezi. Mrija huo ni mlango wazi unaoelekea moyoni. Katika njia zote tatu za kupata damu, yaani mrija huu, fistula na mrija bandia wa chini ya ngozi, ndio wenye hatari kubwa zaidi ya vijidudu kuingia damuni.

Ukiwa nao, usiuloweshe. Hakuna kuogelea, hakuna kujimwagia maji kifuani. Oga kuanzia kiunoni kwenda chini na juu ujipanguse kwa kitambaa. Mwenye kuhitaji josho amuulize imamu wake namna ya kufanya kwa mgonjwa. Mrija ni wa mashine tu: mtu asikutolee damu ya kipimo hapo wala asikuwekee dawa nyingine pasipo kitengo cha figo kujua. Nesi anapoufungua, yeye na wewe mvae barakoa, na wewe ugeuze uso upande wa pili. Mkasi usikaribie hapo, hata wa kukata plasta. Ukipata homa, au ukitetemeka kwa baridi nusu saa baada ya mashine kuanza, usilifanye jambo la malaria ukanunua vidonge njiani. Sema palepale. Kifuniko kikifunguka au mrija ukipasuka, bana kibanio kilicho karibu na ngozi na ulale ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini, mpaka usaidiwe, kwa sababu hewa ikivutwa ndani inaweza kuua. Mrija ukichomoka wote, gandamiza tundu kwa gozi safi, na ikiwa ni ule unaotokea kifuani gandamiza na pale juu shingoni ulipoingilia mshipa, kisha uende hospitali.

Fistula

Hii ndiyo njia ninayoisimamia, na wataalamu wa figo wengi duniani huiweka mbele pale mishipa inaporuhusu. Jina lisikushtue: si ile fistula ya uzazi. Hapa daktari anaunganisha ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na vena inayoirudisha, kwenye kifundo cha mkono au karibu na kiwiko. Damu yenye kasi inaingia kwenye vena, vena inapanuka na ukuta wake unakuwa mnene, mpaka inastahimili sindano mbili kubwa kila kipindi kwa miaka.

Wazo hilo lina umri wa miaka 60 hivi tu. Willem Kolff alipotengeneza mashine yake Uholanzi mwaka 1943, kila kipindi kiliteketeza mishipa, na ikiisha, matibabu yameisha. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle aliunganisha ateri na vena kwa mrija uliokaa nje ya ngozi, na kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa afe akaweza kuishi kwa miaka. Lakini mrija ule uliziba na kupata maambukizi. Ndipo James Cimino na Michael Brescia, pamoja na daktari wa upasuaji Kenneth Appell, katika hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, walipoamua kuunganisha mishipa yenyewe kwa yenyewe, bila plastiki. Walianza 1965 na kuandika matokeo yao 1966. Daktari atakayekushona leo atakuwa anafanya karibu jambo lilelile.

Pasipo mshipa unaofaa, hutumiwa mrija bandia unaowekwa chini ya ngozi kuunganisha ateri na vena. Huo hutumika mapema zaidi, mara nyingi baada ya wiki mbili tatu, ila huziba na kupata vijidudu zaidi kuliko fistula.

Baada ya upasuaji ngoja. Fistula huhitaji wiki sita hadi miezi mitatu kukomaa. Kuna kanuni ya sita ambayo wauguzi wengi wa figo wanaijua: kwenye wiki ya 6, mshipa uwe na upana wa milimita 6, usiwe chini ya ngozi zaidi ya milimita 6, na upitishe damu mililita 600 kwa dakika. Kidonda kikishapona, fanya zoezi la kukamua mpira laini. Soksi iliyoviringishwa inafaa kama huna. Ikifika wiki ya sita na huoni mshipa ukitokeza, rudi kwa daktari. Usikubali kuambiwa “ngoja tu” mara tatu mfululizo, maana fistula isiyokomaa mara nyingi ina mahali palipobana, na mahali palipobana panaweza kurekebishwa.

Sindano zenyewe

Watu wanaogopa ukubwa wake, na hawakosei: ni pana kuliko sindano ya kutoa damu. Vipimo vyake vinakwenda kinyume, namba ikipungua sindano inapanuka. Fistula mpya huanzwa kwa namba 17, iliyo nyembamba, na mashine huendeshwa polepole, mililita 200 hadi 250 kwa dakika. Mshipa ukizoea hupandishwa hadi 16 na 15. Ukiona siku ya kwanza kabisa unadungwa 15, uliza sababu. Nawe uliyezoea usikatae kupandishwa ikiwa vipimo vinaonyesha damu haisafiki vya kutosha, kwani sindano nyembamba kwa mashine ya kasi huivunja damu yenyewe.

Zipo mbili. Yenye rangi nyekundu inatoa damu, ya buluu inairudisha. Ya buluu lazima ielekee moyoni, yaani juu, na iwe juu ya ile nyekundu. Ncha zake ziachane angalau sentimita 5. Zikikaribiana, damu iliyokwisha kusafishwa inavutwa tena na mashine, na utakaa saa nne ukisafisha damu ileile. Nazo zisikaribie kovu la upasuaji. Sentimita 4 ndiyo kiasi cha chini. Mwenye fistula hudungwa kwa mwinamo wa nyuzi 25 hadi 35, mwenye mrija bandia karibu nyuzi 45.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linaua fistula nyingi kuliko kitu kingine chochote kilicho mikononi mwetu: kudungwa palepale kila siku. Linaanza kwa wema. Mahali palipodungwa mara nyingi ngozi inakufa ganzi, hapaumi, na mshipa umetuna kiasi kwamba hata nesi mgeni hawezi kuukosa. Mgonjwa anasema, “Dada, nidunge hapahapa pangu.” Nesi ana wagonjwa wengine wanaomngoja, anakubali. Wote wawili wamefurahi. Baada ya miezi kadhaa ukuta wa mshipa unalegea na kutuna kama puto, ngozi juu yake inakonda na kung’aa, na mbele yake mshipa unabana. Siku ngozi hiyo ikipasuka, damu inaruka.

Dawa yake ni ngazi. Kila kipindi sindano zipande hatua moja, nusu sentimita au zaidi kutoka tundu la mwisho, mpaka mshipa wote utumike, kisha zirudi chini kuanza upya. Inauma zaidi, sitakudanganya. Kwa maumivu ipo krimu ya ganzi inayopakwa saa nzima kabla ya kudungwa. Ipake ukiwa nyumbani ukiwa unajua utafika baada ya saa, na uisafishe kabisa kabla ya kudungwa. Piga picha ya mkono wako kwa simu kila unapotoka mashineni. Kipindi kijacho mwonyeshe nesi tundu la mwisho lilikuwa wapi. Mtu akizungushwa zamu na wauguzi watano, simu hiyo ndiyo kumbukumbu pekee isiyobadilika.

Utasikia pia habari ya tundu la kudumu, ambapo sindano huingia palepale makusudi. Hiyo ni njia nyingine, na masharti yake ni makali: mtu mmoja yuleyule adunge kwa pembe ileile na kina kilekile kwa vipindi kama 6 hadi 10, mpaka njia ijifanye kama tundu la hereni, ndipo itumike sindano butu. Zbylut Twardowski aliianzisha Poland miaka ya 1970, na inasemwa ilitokana na mgonjwa mwenye sehemu chache za kudunga. Inapunguza maumivu. Lakini kigaga kinachofunika njia hiyo ni makao ya vijidudu, na kisipoondolewa chote kwa usafi kila mara, maambukizi ya damu huongezeka. Haifai kwa mrija bandia hata kidogo. Katika kitengo ambacho wauguzi hubadilishana kila wiki, mimi singeichagua.

Usafi unaanza na wewe. Nawa mkono mzima kwa sabuni na maji yanayotiririka ukifika tu, kabla ya kukaa kwenye kiti. Kutawadha nyumbani asubuhi hakutoshi, ukishapanda matatu umeshika vyuma. Nesi anawe, avae glavu, apake dawa ya kuua vijidudu na aiache ikauke. Dawa ya ayodini inahitaji dakika mbili tatu ndipo ifanye kazi. Ikifutwa kabla ya hapo ni rangi tu. Akishapaka asipapase tena kwa kidole. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ukiwa unaiona.

Ikiingia vibaya utajua: mkono unauma ghafla na kuvimba, kwa kuwa damu inamwagika chini ya ngozi. Sema hapohapo, usivumilie kwa haya. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia siku ya kwanza, dakika 10 hadi 20 kwa kila mara. Siku ya pili tumia kitambaa chenye joto. Mshipa upumzishwe mpaka uvimbe ushuke. Na nesi akikukosa mara mbili, una haki ya kuomba mwenzake mwenye uzoefu ajaribu. Si kumdharau, hata waliobobea hupokezana kwa namna hiyo.

Mashine ikishaanza, mkono uwe wazi. Kina mama wengi hujifunika leso mpaka kidevuni kwa sababu ya baridi ya eyakondishna, na hapo ndipo hatari inapojificha. Sindano ya kurudisha damu ikichomoka, mashine haina macho. Kengele yake hutegemea shinikizo ndani ya mrija, na mara nyingine shinikizo halishuki vya kutosha kuiamsha. Kwa kasi ya mililita 300 kwa dakika, dakika tano ni lita moja na nusu, karibu theluthi ya damu ya mtu mzima. Jifunike kifua na miguu, mkono wa sindano uache nje ya leso, nawe uutazame. Plasta zishike sindano na mrija pia, na mrija usining’inie ukivutwa na uzito wake. Stima ikipotea usifadhaike: mashine ina mkono wa kuzungusha ambao nesi hutumia kurudisha damu yako. Muulize siku moja akuonyeshe ulipo.

Wakati wa kutoa sindano, usikandamize kabla haijatoka yote, maana makali yake yanaweza kuchana ukuta wa mshipa. Ikishatoka, gandamiza kwa vidole viwili: kimoja kwenye tundu la ngozi, cha pili juu kidogo lilipo tundu la mshipa, kwani hayako mahali pamoja. Dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Gandamizo liwe la kuzuia damu lakini chini ya kidole bado uhisi mshipa unatetemeka. Ukibana mpaka mtetemo ufe, unaalika bonge la damu. Usizungushe bandeji mkono mzima kama pete, na plasta iondoke jioni hiyohiyo. Dawa ya kuzuia damu kuganda hubaki mwilini kwa saa kadhaa, kwa hiyo kaa kwenye benchi kidogo kabla ya kuondoka, na usipande bodaboda ukiwa bado umeshika gozi: mkono unaohitajika kujishikilia ndio unaohitajika kugandamiza. Ikiwa kila kipindi damu inachukua zaidi ya dakika 20 kukatika, mwambie daktari. Huenda mshipa umebana upande wa juu.

Kwa anayesindikiza na anayefanya usafi: sindano iliyotumika huenda moja kwa moja kwenye boksi lake, haifunikwi tena kwa mkono wala haibebwi nyumbani. Ukidungwa kwa bahati mbaya, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, na umwone daktari saa hiyohiyo. Dawa ya kinga ya virusi vya ukimwi ni lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Homa ya ini aina ya B inaambukiza kwa sindano kwa wepesi kuliko virusi vya ukimwi, nayo ina chanjo. Mgonjwa wa mashine anapaswa kuchanjwa pia.

Saa 160

Mkono wenye fistula haulaliwi na haubebi mzigo mzito, na usikubali ubanwe na chochote. Kwa watu wa Kwale maneno hayo yana sura zake. Mtungi wa lita 20 usining’inizwe kwenye mkono huo. Bangili za kubana na saa zihamie mkono wa pili. Hirizi au uzi uliofungwa juu ya kiwiko ufunguliwe. Anayetaka kuwa nayo aivae shingoni, isipokuwa aliye na mrija hapo. Kuumikwa, hijama na chale zisiguse mkono huo kabisa. Hina ya kawaida haina neno siku moja moja, lakini piko huweza kuunguza ngozi, na rangi yoyote nzito itaficha wekundu ambao nesi anahitaji kuuona. Wakandaji wa ufuoni Diani waambiwe kabla hawajamwaga mafuta.

Kazi nayo. Mhudumu wa hoteli hubeba trei kwa mkono wa kushoto, na mkono huohuo ndio unaopendekezwa kwa fistula. Zungumza na daktari kabla ya upasuaji ili mkono uchaguliwe kwa kutazama kazi yako. Mvuvi wa Gazi au Shimoni asijizungushie mshipi mkononi, samaki mkubwa akivuta ni kisu. Mgema anayekumbatia mnazi, na mama wa mwani wa Kibuyuni anayefunga kamba majini, wavae mkono mrefu usiobana, na wasiingie baharini siku ya sindano wala kabla matundu hayajafunga.

Jambo moja halionekani kuwa la mshipa, nalo ni kiu. Kaskazi ikivuma na jua likawaka, mtu hunywa, na madafu yako kila kona. Dafu ni maji, na tena lina potasiamu nyingi ambayo figo zako haziwezi kuitoa. Ukija mashineni na kilo nne za maji, yatavutwa kwa nguvu, presha itashuka ghafla, damu itatambaa badala ya kukimbia, na fistula huganda katika hali hiyo. Kuharisha na kutapika kunaleta shida ileile kwa njia ya pili.

Kuhusu malipo nitasema kidogo. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na kiwango kilichotangazwa kwa kipindi kimoja cha kusafisha damu ni shilingi 10,650. Asiyeajiriwa hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Ukikatika, usingoje siku ya mashine ndipo ujue. Upasuaji wa fistula mara nyingi ni safari ya Mombasa. Kabla ya kupanda feri, uliza kwenye dawati la SHA la hospitali utakayokwenda unalipiwa kiasi gani na kipi kinabaki juu yako, na upate jibu kwa maandishi.

Yasiyongoja siku ya mashine

Kila asubuhi, kabla ya chai, weka vidole juu ya fistula. Utahisi mtetemo laini usiokoma. Weka sikio, utasikia mvumo. Kisha tazama: kuna wekundu, usaha, joto, kigaga kisichopona? Inua mkono juu ya kichwa. Mshipa mzuri hunywea. Ukibaki umetuna vilevile, au mtetemo ukigeuka kuwa kugonga kama moyo, kuna mahali pamebana, na unahitaji kuonwa kabla ya kipindi kijacho. Vidole vikiwa vya baridi, vyeupe na vyenye maumivu, damu inaibwa na fistula, sema pia.

Damu ikiruka nyumbani, usifunge taulo wala leso nene, vitu hivyo hunyonya tu. Weka kidole juu ya tundu lenyewe, na kitambaa kidogo kilichokunjwa kama kipo, gandamiza kwa nguvu zote, inua mkono juu ya moyo, lala chini na piga kelele. Usiachie kutafuta simu. Mwingine apige 999 au 112, au alete gari lolote lililo karibu. Waonyeshe watu wa nyumbani jambo hili wakati wa utulivu, hata mtoto wa miaka kumi. Na ukiona ngozi iliyokonda na kung’aa juu ya uvimbe, au kigaga kinachovuja kila mara, hiyo ni dalili ya awali ya siku hiyo, hata kama hakuna damu bado.

Mtetemo ukipotea, usingoje Alhamisi kwa sababu zamu yako ni Alhamisi. Nenda siku hiyohiyo, na kama kitengo cha figo kimefungwa nenda idara ya dharura ukaseme fistula imeganda na inahitaji kufunguliwa. Bonge la damu likiwahiwa ndani ya siku moja au mbili linaweza kuondolewa na mshipa ukaokolewa. Likikaa zaidi ya hapo, mara nyingi kinachobaki ni mrija wa shingoni tena.